Mistari Elfu Arobaini na Sita Katika Ukurasa Mmoja

Tarehe 9 Agosti 2022 wananchi wa Kenya walipiga kura, na baada ya vituo kufungwa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ilianza kuweka katika tovuti yake picha za Fomu 34A, yaani fomu ambamo matokeo ya urais ya kila kituo huandikwa. Vituo vya kupigia kura vilikuwa 46,229. Vyumba vya habari, vyama vya siasa na raia wa kawaida waliokuwa na simu mkononi walizifungua fomu hizo na kujumlisha wenyewe, hadi mshindi alipotangazwa tarehe 15 ya mwezi huo.

Orodha ya ukubwa huo inafaa sana kupimia jambo ambalo kila mtunga programu za wavuti hukutana nalo siku moja. Na ichukuliwe kwamba mtunga programu mmoja anataka kuvionyesha vituo vyote katika ukurasa mmoja, kila kituo na mstari wake wa jedwali: kaunti, jimbo, wadi, jina la kituo, idadi ya wapiga kura waliojiandikisha, na kitufe cha kufungulia fomu. Akiiandika programu yake kwa njia moja, jedwali litatokea baada ya sekunde chache. Akiiandika kwa njia nyingine, ambayo kwa macho inafanana mno na ile ya kwanza, simu itaganda, kidole kitateleza juu ya kioo bila jibu, na hatimaye kivinjari kitatoa onyo kwamba ukurasa hauitikii. Data ni ileile na simu ni ileile. Kilichobadilika ni mistari miwili au mitatu tu ya programu.

Wengi hudhani kwamba kosa ni la simu ya bei nafuu. Dhana hiyo haina msingi. Simu dhaifu kabisa zinazouzwa leo hutekeleza mamilioni mengi ya maagizo kwa sekunde, na kuunda vipengele laki kadhaa si kazi ya kuzilemea kiasi hicho. Sababu haina budi kutafutwa mahali pengine, nayo inapatikana katika namna kivinjari kinavyofanya kazi yake.

UKURASA NI MTI

Kivinjari, yaani programu inayofungua kurasa za wavuti, hakiuhifadhi ukurasa kama maandishi yaliyoandikwa mfululizo. Kinapoyapokea maandishi ya lugha ya HTML hukijenga kila kipengele kuwa tawi la mti. Shina ni ukurasa wenyewe; kutoka shina hutoka mwili wa ukurasa; kutoka mwili hutoka jedwali; kutoka jedwali mistari; na kutoka kila mstari vyumba vyake. Mstari mmoja wa jedwali lililotajwa hapo juu una vipengele 8, ukihesabiwa mstari wenyewe, vyumba 6 na kitufe. Kwa hiyo vituo 46,229 vitazaa vipengele 369,832.

Lugha inayoweza kuugusa mti huo baada ya ukurasa kufunguka ni JavaScript. Lugha hiyo iliundwa mwaka 1995 na Brendan Eich katika kampuni ya Netscape, na sura yake ya kwanza ilikamilika kwa siku 10. Kwa miaka michache kila kampuni iliyotengeneza kivinjari ilikuwa na amri zake za kuugusa mti, na programu iliyoandikwa kwa ajili ya kivinjari kimoja ilikuwa bubu katika kingine. Mwezi Oktoba 1998 ndipo shirika la W3C lilipotoa kanuni za pamoja, na nyingi za amri zinazotumika leo kuunda na kupachika vipengele zimo katika kanuni hizo za mwanzo.

Mti peke yake hauonekani. Ili msomaji auone, kivinjari hulazimika kufanya kazi tatu zaidi. Kwanza huamua kila kipengele kivae mtindo gani: rangi, ukubwa wa herufi, nafasi. Pili hupima mpangilio, yaani hukokotoa kila kipengele kikae wapi katika kioo, kiwe na upana gani na kimo gani. Tatu huchora. Kati ya kazi hizo, kupima mpangilio ndiko kunakoleta gharama kubwa katika orodha ndefu, kwa sababu vipengele husukumana. Mstari ukiongezwa juu, wote wa chini husogea. Katika jedwali hali ni ngumu zaidi: upana wa safu wima hutegemea neno refu kuliko yote lililomo ndani yake, na hivyo kituo kimoja chenye jina refu chaweza kubadili vipimo vya vyumba vya mistari mingine yote.

MPANGA CHAPA NA MHARIRI

Katika viwanda vya uchapaji vya zamani herufi za risasi zilipangwa kwa mkono. Mpanga chapa aliyeijua kazi yake hakuufunga ukurasa kila alipopewa sentensi moja. Alizikusanya sentensi kwanza, na ukurasa akaufunga mara moja zilipotimia. Lakini kama mhariri alikuwa mtu wa wasiwasi, na baada ya kila sentensi akauliza, "Sasa ukurasa umefikia wapi?", fundi hakuwa na la kufanya ila kuzipanga zote, kupima, kujibu, kisha kuzifungua tena ili sentensi nyingine iingie.

Kivinjari ni mpanga chapa wa namna hiyo. Programu ya JavaScript inapopachika kipengele katika mti, kivinjari hakikimbilii kupima. Huandika tu kwamba sehemu fulani ya mti imebadilika, kisha husubiri. Programu inapomaliza zamu yake, ndipo kinapopima na kuchora yote kwa mkupuo. Vitabu na masomo mengi ya awali yalifundisha kwamba kila amri ya kupachika, `appendChild`, huamsha upimaji mpya wa ukurasa mzima. Jambo hilo si kweli. Mistari 46,229 ikipachikwa mmoja mmoja katika mzunguko mmoja wa programu, bila kuulizwa neno lolote katikati, kivinjari kitapima mara moja tu.

Maafa huja na swali. Zipo sifa za kipengele ambazo haziwezi kujulikana bila kupima: kimo chake (`offsetHeight`), upana wake, umbali wake kutoka juu ya kioo, urefu wa eneo linaloviringika (`scrollHeight`). Programu ikiomba mojawapo baada ya kubadili mti, kivinjari hakiwezi tena kusubiri. Hulazimika kusimamisha programu, kupima, kujibu, kisha kuiruhusu iendelee. Nayo programu ikipachika mstari mwingine na kuuliza tena, kipimo kilichopatikana sasa hivi kimekwisha kuwa batili.

Kosa hili hujificha mahali pasipodhaniwa. Mtunga programu anapenda, kwa mfano, kwamba orodha ijiviringishe yenyewe hadi chini kila mstari mpya unapoingia, ili msomaji auone wa mwisho. Amri ya kufanya hivyo ni fupi na haina ubaya wowote kwa macho, lakini ndani yake limo swali la urefu wa orodha. Ikiwekwa ndani ya mzunguko, swali litaulizwa mara 46,229. Ikihamishwa mstari mmoja chini, nje ya mzunguko, litaulizwa mara moja, na msomaji hataona tofauti yoyote isipokuwa kwamba simu yake haikuganda. Ni vigumu kupata katika fani hii marekebisho mengine madogo yenye faida kubwa kiasi hicho.

Kwa majedwali ipo nafuu nyingine. Mtindo wa `table-layout: fixed` hukiambia kivinjari kwamba upana wa safu wima umekwisha kuamuliwa na hakuna haja ya kupitia kila chumba kutafuta neno refu. Jedwali hupoteza uzuri kidogo, kwa maana majina marefu hukatika au hushuka mstari wa pili, lakini upimaji huwa mwepesi.

BILIONI MOJA YA MISTARI

Kosa la pili ni maarufu zaidi, na asili yake ni zawadi. Mwaka 1997 kampuni ya Microsoft iliingiza katika Internet Explorer 4 sifa iitwayo `innerHTML`, ambayo humwezesha mtunga programu kukabidhi maandishi ya HTML na kukiachia kivinjari kuyageuza kuwa matawi. Ilipendwa mara moja. Kisomaji cha HTML ndiyo sehemu ya kivinjari iliyonolewa kwa muda mrefu kuliko karibu zote, na katika miaka ambayo JavaScript ilikuwa bado nzito njia hiyo iliwapita mbali wote waliounda vipengele kimoja kimoja kwa amri.

Lakini wengi huitumia kwa kuongeza: `innerHTML += ...`, mstari baada ya mstari. Alama hiyo ya kujumlisha hudanganya. Huonekana kusema, "ongeza hiki mwishoni", kumbe maana yake ni hii: yageuze matawi yote yaliyopo yawe maandishi tena, yaunganishe na maandishi mapya, utupe matawi ya zamani, kisha usome yote upya tangu mwanzo. Mstari wa kwanza husomwa, halafu miwili, halafu mitatu, na kuendelea. Jumla yake ni hesabu inayofundishwa sekondari: nambari ya mwisho mara nambari inayofuata, igawanywe kwa mbili. Kwa vituo 46,229 kivinjari kitaisoma mistari 1,068,583,335 ili kuonyesha mistari elfu arobaini na sita. Methali ya haba na haba hujaza kibaba haina heshima yoyote hapa.

Hasara haiishii kwenye muda. Matawi ya zamani yanapotupwa hutupwa pamoja na kila kitu kilichofungwa kwao: vitufe vilivyokuwa vinasikiliza kuguswa huwa viziwi, na herufi ambazo msomaji alikuwa ameanza kuziandika katika kisanduku ndani ya orodha hutoweka.

Dawa ni kukusanya kwanza. Anayependa maandishi na ayakusanye yote katika safu moja ya programu, ayaunganishe, kisha ayakabidhi kwa `innerHTML` mara moja tu. Anayetaka kuongeza mwishoni bila kugusa yaliyopo anayo amri `insertAdjacentHTML`, ambayo husoma maandishi mapya peke yake. Na anayependa kuunda vipengele kwa amri anaweza kutumia kapu ambalo kanuni za 1998 zililiita `DocumentFragment`. Kapu hilo ni kipande cha mti kisichoshikamana na ukurasa. Matawi huwekwa ndani yake, na linapopachikwa humimina matawi yake katika ukurasa, lenyewe likabaki tupu. Programu yake ni fupi:

const orodha = document.getElementById("orodha");
const kapu = document.createDocumentFragment();
for (const kituo of vituo) {
  const mstari = document.createElement("li");
  mstari.textContent = kituo.jina;
  kapu.append(mstari);
}
orodha.append(kapu);

Yafaa ieleweke kwamba kapu si uchawi. Kwa kuwa kivinjari husubiri zamu iishe kabla ya kupima, tofauti ya muda kati ya kapu na kupachika moja kwa moja ni ndogo katika vivinjari vya leo. Faida yake kubwa ni ya adabu ya kazi: mistari iliyomo kapuni haimo katika ukurasa, hivyo hakuna sehemu nyingine ya programu itakayojaribiwa kuipima kabla haijatimia.

JINA LA MURANG'A

Kati ya njia ya maandishi na njia ya amri, uamuzi usifanywe kwa kuangalia mwendo peke yake. Miongoni mwa kaunti 47 za Kenya imo Murang'a, na kati ya majina ya watu na mahali katika Afrika Mashariki yamo mengi yenye alama hiyo ya ritifaa. Mtunga programu akiyaunganisha maandishi ya HTML kwa mkono, na sifa za vipengele akazifunga kwa ritifaa, jina la Murang'a litaifunga sifa kabla ya wakati wake, na herufi ya mwisho itamwagika nje na kusomwa kama sifa nyingine. Vituo vyote vya kaunti hiyo vitaharibika, na vya kaunti jirani vitabaki salama. Aliyejaribu programu yake kwa majina ya Nakuru na Kwale hatajua kitu.

Hilo ni ajali. Ubaya huja pale mtu anapoyaandika maandishi hayo kwa makusudi. Mwezi Oktoba 2005 kijana aitwaye Samy Kamkar aliweka katika ukurasa wake wa MySpace programu ndogo iliyopenya vichujio vya tovuti hiyo. Kila aliyeufungua ukurasa huo aliambukizwa, na kwa muda usiotimia siku moja watu zaidi ya milioni moja wakawa wameorodheshwa kuwa rafiki zake bila ridhaa yao. Tangu hapo imekuwa kanuni kwamba maandishi yaliyotoka kwa watu yapachikwe kwa `textContent`, kama katika programu iliyoonyeshwa hapo juu. Njia hiyo huyachukua maandishi kuwa maandishi na si zaidi, na Murang'a hubaki Murang'a.

MFANYAKAZI MMOJA

Hata makosa yote mawili yakiepukwa, vipengele 369,832 bado ni vingi. Ugumu unatokana na ukweli kwamba katika ukurasa mmoja kazi ya kuendesha JavaScript, ya kupima mpangilio na ya kuitikia kidole cha msomaji hufanywa kwa zamu na mfanyakazi yuleyule mmoja. Akiwa ameinamia orodha, hana wa kumpokelea mgeni mlangoni.

Vioo vingi huchorwa upya mara 60 kwa sekunde, kwa hiyo kila mchoro una nafasi ya milisekunde 16.7 hivi. Kazi ikizidi hapo, mchoro mmoja hurukwa na mwendo huonekana kukwama. Kuhusu uvumilivu wa binadamu, Robert Miller wa kampuni ya IBM aliandika mwaka 1968, zamani kabla ya wavuti, kwamba anayebonyeza kitufe hutarajia dalili ya jibu ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mwaka 1993 Jakob Nielsen alirudia kipimo hicho na kuongeza kwamba baada ya sekunde moja fikra za mtumiaji hukatika, na baada ya sekunde 10 hugeukia shughuli nyingine. Mashine zimekuwa bora mara maelfu tangu 1968. Jicho na subira havikubadilika.

Njia moja ya kumpa mfanyakazi nafasi ya kupumua ni kuigawa orodha mafungu. Amri `requestAnimationFrame` hukiomba kivinjari kiiite programu tena kabla ya mchoro ufuatao. Mistari 200 ikipachikwa kwa kila mchoro, vituo vyote vitaingia katika michoro 232, yaani muda usiofika sekunde 4 ikiwa kila fungu litamalizika kwa wakati wake. Jumla ya muda ni ndefu kuliko kupachika yote kwa mkupuo, lakini msomaji huona mistari ya kwanza papo hapo, na kidole chake hujibiwa. Hapa kubadilishana hasara kwa faida kuna maana, kwa sababu anayesubiri matokeo huona afadhali orodha inayokua mbele ya macho yake kuliko kioo kilichokufa.

Hadhari moja tu: kati ya fungu na fungu dunia inaendelea. Data yaweza kubadilika, au msomaji akachagua kaunti nyingine wakati mafungu ya kaunti ya kwanza yangali njiani. Programu isiyoangalia hilo itachanganya mistari ya kaunti mbili katika jedwali moja, na katika matokeo ya uchaguzi kosa hilo ni baya kuliko kuchelewa.

DIRISHA

Wakati wote huo kioo cha simu huonyesha mistari 20 hivi. Mingine 46,209 imeundwa, imepimwa na kutunzwa katika kumbukumbu bila jicho lolote kuitazama.

Ndiyo sababu programu nyingi zenye orodha ndefu hutumia mbinu ya dirisha. Ikiwa kila mstari una kimo cha pikseli 40, orodha nzima ina kimo cha pikseli 1,849,160. Programu hutengeneza eneo tupu lenye kimo hicho, ili mwambaa wa kuviringishia uonekane wa kweli, kisha hupachika mistari ile tu iliyo mbele ya msomaji pamoja na michache ya akiba juu na chini. Msomaji akiviringisha hadi pikseli 1,000,000, kugawanya kwa 40 kunaonyesha kwamba yuko mbele ya mstari wa 25,001. Mistari ya hapo hupachikwa na ile aliyoiacha huondolewa. Katika ukurasa hakuwi na zaidi ya mistari 40 wakati wowote, iwe orodha ni ya elfu moja au ya milioni.

Mbinu hiyo husifiwa kupita kiasi, na yafaa kasoro zake zitajwe. Mistari isiyokuwapo haiwezi kutafutwa kwa kitafutio cha kivinjari: anayeandika jina la kituo chake ataambiwa halipo, ilhali lipo. Haiwezi kuchapishwa katika karatasi. Msomaji asiyeona, ambaye husomewa ukurasa na programu ya sauti, ataambiwa kwamba jedwali lina mistari 40, isipokuwa mtunga programu amekumbuka kuitangaza idadi kamili kwa sifa zilizowekwa kwa kazi hiyo. Na kama vimo vya mistari havilingani, ile hesabu nyepesi ya kugawanya haipo tena, na mahali pake huja makadirio yanayofanya orodha irukeruke chini ya kidole.

Kwa sababu hizo njia iliyokuja baadaye inastahili kuangaliwa na wengi zaidi. Mwaka 2020 kivinjari cha Chrome kilianza kutambua mtindo wa `content-visibility: auto`, na kufikia mwaka 2024 Firefox na Safari navyo vilikuwa vimeupokea. Mtindo huo hukiambia kivinjari kwamba sehemu isiyo karibu na kioo isipimwe ndani wala isichorwe hadi msomaji aikaribie. Vipengele vimo katika mti, kitafutio huviona na sauti huvisoma, ila kazi ile nzito huahirishwa. Mtunga programu hutakiwa kuigawa orodha katika sehemu, kwa mfano kaunti kwa kaunti, na kukadiria kimo cha kila sehemu. Gharama ya kuunda vipengele na kuvitunza katika kumbukumbu haiondoki. Iondokayo ni ile ya kupima na kuchora, ambayo ndiyo kubwa.

Limebaki suala la vitufe. Kila mstari una kitufe cha kufungulia fomu, na desturi ya wanaoanza ni kukipa kila kitufe msikilizaji wake, wasikilizaji 46,229 kwa jumla. Hakuna haja. Mguso wa kitufe hupanda mti kutoka jani hadi shina, na msikilizaji mmoja akikaa katika jedwali atausikia kila mguso uliotokea chini yake na kuuliza ulitoka mstari upi. Mistari itakayoongezwa kesho itasikika pia bila kufungiwa chochote.

Ama tovuti ya Tume ya mwaka 2022, yenyewe haikumwaga fomu zote katika ukurasa mmoja. Msomaji alichagua kaunti, kisha jimbo katika majimbo 290, kisha wadi katika wadi 1,450, ndipo alipofikia vituo. Wastani ni vituo 32 hivi kwa wadi. Kwa mistari 32 hakuna haja ya dirisha wala mafungu, wala ya mitindo ya mwaka 2020. Hata aliyeshika ile njia mbaya kuliko zote, ya kujumlisha maandishi juu ya maandishi, angekisomesha kivinjari mistari 528.